Wimbo uliosafiri bila karatasi: maisha ya Fadhili William

Nenda jioni yoyote kwenye hoteli za ufuoni, kuanzia Diani mpaka Watamu, na si ajabu ukausikia wimbo wa Malaika kabla hujamaliza chakula. Waimbaji husogea kwenye meza za wageni na magita yao, na mgeni asiyejua Kiswahili zaidi ya jambo na asante huanza kutikisa kichwa, kwa sababu wimbo huo anaujua tangu kwao.

Muulize mgeni huyo wimbo ni wa nani, atakutajia Miriam Makeba au kundi la Boney M. Muulize kijana wetu wa Changamwe au Magongo, naye mara nyingi atakujibu hivyo hivyo. Jina la Fadhili William limebaki kwa watu wa makamo na wazee waliolikuta redioni. Wengine wakilisikia huuliza, ni nani huyo?

Ni mtu wa pwani, msomaji wangu. Tena maisha yake yana somo ambalo wasanii wetu hawajalimaliza kulisoma, ingawa imepita zaidi ya miaka ishirini tangu azikwe.

Jina lake kamili ni Fadhili William Mdawida. Hilo la mwisho ndilo linalomtaja kwao, kwani Wataita katika lugha yao hujiita Wadawida. Alizaliwa Novemba 1938 huko Taita, eneo lililokuwa sehemu ya Mkoa wa Pwani mpaka mikoa ilipotupisha na kaunti zikaingia mwaka 2013. Babake alikuwa Ramadhan Mwamburi na mamake Halima Wughanga. Katika majina hayo mawili unaona Uislamu na Utaita vimekaa nyumba moja bila kugombana.

Sisi wa Mombasa wakati mwingine husahau kwamba pwani haikomi pale upepo wa bahari unapokoma. Voi iko kwenye reli iliyoanzia hapa kwetu, na Wataita wameteremka na reli hiyo kwa miaka mingi kuja kutafuta riziki mjini na kurudi makwao na habari, nguo na nyimbo. Kwa hiyo Kiswahili alichokiimba Fadhili hakikuwa lugha ya kuazima. Kilikuwa lugha ya njia yao.

Baba alifariki Fadhili angali mtoto. Nairobi ndiko alikokuja kupata jina lake, na mji aliouingia ulikuwa katika mabadiliko makubwa ya muziki. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimewapeleka askari wa Afrika Mashariki mpaka India na Burma, na baadhi yao walirudi na mapenzi mapya ya gita. Mmoja wao alikuwa mwenzetu mwingine wa pwani, Fundi Konde, Mgiriama aliyetumika katika kikosi cha burudani cha jeshi. Nyimbo zake za Kiswahili kama Tausi zilitoka kwenye sahani za santuri na kuingia kwenye kumbukumbu za watu. Fadhili alipoanza, njia ilikuwa imeshafyekwa.

Na tuelewe kwa nini gita lilileta mageuzi. Taarab ya wakati ule ilitaka kundi zima: mpiga udi, mpiga ganuni, wapiga fidla, mpiga dumbak, na mwenye harusi wa kuwalisha wote. Gita lilibebwa na kijana mmoja begani. Alilipiga mwenyewe na kuimba mwenyewe, barazani au kwenye chumba cha kupanga, na wimbo wake ukawa umekamilika. Kijana asiye na ukoo wa waimbaji wala chama cha muziki nyuma yake akapata sauti. Fadhili alikuwa mmoja wa vijana hao.

Mwanzoni alikuwa na kundi lililoitwa Jambo Boys, na ni pamoja nao alipoirekodi Malaika mara ya kwanza karibu na mwaka 1960. Mwaka 1963 aliirekodi upya katika studio ya Equator ya Nairobi, iliyokuwa ikiendeshwa na Muingereza Charles Worrod. Rekodi hiyo ya pili ndiyo watu wengi wanayoikumbuka. Huo ndio mwaka wa uhuru, na redio zilikuwa zikiingia katika nyumba nyingi zaidi.

Wimbo wenyewe hauna mbwembwe. Ni kijana anampenda msichana, anataka kumuoa, na hana mali. Hamlaumu msichana wala hawatukani wazazi wake. Analalamikia umaskini wake, kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na rafiki usiku. Gita linakwenda taratibu nyuma yake.

Hapo ndipo nguvu yake ilipo. Mahari ni jambo la kila kabila na kila dini katika nchi hizi. Aliyekuwa kuli wa Kilindini mwaka 1963 aliuelewa wimbo huo, na mkulima wa Wundanyi vile vile. Kijana wa hapa kwetu Kipevu anayefanya vibarua vya siku na ameambiwa gharama za harusi atauelewa leo bila kufafanuliwa.

Lakini Fadhili hakuwa mtu wa wimbo mmoja. Studio ya Equator ilikuwa na bendi yake, na yeye alikuwa kati ya nguzo zake. Humo alikutana na Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Mtaita, Waluhya, Wajaluo na Wazambia walikaa chumba kimoja na kuimba kwa Kiswahili. Zama hizo vijana walikuwa wakicheza twisti, mtindo uliotoka Marekani, nao waliuchukua wakautia magita ya kwetu na maneno ya kwetu. Fadhili aliimba Taxi Driver, wimbo wa mjini kabisa ambao mwendo wake ni tofauti na Malaika. Kabaka alitoa Helule Helule, na mwaka 1968 kundi la Uingereza liitwalo The Tremeloes likaurudia na kuupeleka kwenye chati za kwao.

Kwa ufupi, walichokifanya vijana hawa ni kile ambacho nchi nyingine zilisifiwa sana kwa kukifanya: kuchukua muziki wa kienyeji na muziki wa gita la kisasa na kuviunganisha, huku lugha ikibaki ya nyumbani. Wabrazili walifanya hivyo, Waingereza na Wamarekani pia, na waimbaji wao wana sanamu na vitabu. Wetu wana kanda zilizoliwa na mchwa.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe.

Hapa Kipevu tunajua maana ya karatasi. Tunaishi ubavuni mwa bandari, na hata mtoto mdogo amesikia wakubwa wakilalamika kuhusu hati za mizigo. Kontena ikikosa hati moja tu haitoki langoni, hata kama mwenyewe amesimama pale na kila mtu anamjua. Mzigo ni wa mwenye karatasi. Nyimbo zetu za zamani zilipitia lango jingine, ambalo halikuwa na mlinzi. Zilitoka zikaenda Ulaya na Marekani, na aliyezipokea huko ndiye aliyeandika jina la mwenyewe.

Mwaka 1965 Harry Belafonte na Miriam Makeba walitoa albamu ya pamoja, An Evening with Belafonte/Makeba, na Malaika ikiwa ndani. Albamu hiyo ilishinda tuzo ya Grammy. Makeba alikuwa mwanamke mwenye sauti ya ajabu na msimamo wa kupigania haki za watu weusi, na hakuna wa kumbeza. Yeye ndiye aliyeupeleka wimbo huo katika kumbi za dunia. Lakini kwa masikio ya dunia, kuanzia siku hiyo, wimbo ukawa wake. Mwaka 1981 Boney M, kundi la disko lililotengenezwa Ujerumani, nao wakauimba. Mwaka 1991 Angelique Kidjo wa Benin akauweka katika albamu yake ya Logozo. Waliouimba kati ya hao na baada yao ni wengi.

Kila ulipopita wimbo ulibadilika kidogo, neno hapa na neno pale, kama habari inayopitia vinywa vingi. Mtunzi naye akazidi kufifia. Wakati ule ilikuwa desturi kwa makampuni ya nje kuziandika nyimbo nyingi za Afrika kuwa za jadi, maana yake hazina mwenyewe. Neno hilo linaonekana la heshima, lakini hufanya kazi ya wizi. Wimbo ukiitwa wa jadi, hakuna wa kulipwa.

Hatukuwa peke yetu. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi Mbube mwaka 1939 na kuuza haki zake kwa shilingi chache. Wimbo huo ukawa The Lion Sleeps Tonight, ukaimbwa dunia nzima, ukaingia hata kwenye filamu ya The Lion King ya Disney. Linda alikufa maskini mwaka 1962. Familia yake ilifikia makubaliano ya kulipwa mwaka 2006, miaka 44 baada ya yeye kuingia kaburini.

Fadhili alikuwa na bahati zaidi ya Linda, lakini si sana. Kisheria jina lake ndilo lililokuja kutambuliwa na malipo ya utunzi yakaelekezwa kwake. Hata hivyo kilichomfikia hakikulingana na safari ya wimbo wenyewe. Ungetarajia kwamba mtu ambaye wimbo wake umeimbwa na nusu ya dunia angekuwa na jumba na hisa. Haikuwa hivyo.

Hapa pana upande mwingine wa habari, na haitakuwa haki kuuficha kwa sababu ni mtu wa kwetu. Si kila mtu anakubali kwamba Fadhili ndiye aliyeutunga wimbo huo. Tanzania wanamtaja Adam Salim, aliyezaliwa mwaka 1916, na wanasema aliutunga mwaka 1945 kwa ajili ya msichana aliyempenda ambaye wazazi walimwoza kwa mwenye mali. Wapo wanaomtaja Grant Charo, na wanasema aliuimba na Jambo Boys hao hao kabla ya Fadhili. Wapo pia wa hapa pwani wanaomtaja Lucas Tututu. Kila upande una mashahidi wake, na wengi wa mashahidi hao wameshakufa.

Mimi sitahukumu. Ila nitasema hili. Katika muziki wa zamani wa huku kwetu, wimbo ulikuwa kama kisima cha mtaa. Mmoja alichimba, mwingine akajengea ukuta, wa tatu akaleta kamba na ndoo. Harusini mtu alitunga ubeti, mwenziwe akaudaka na kuuongeza, na asubuhi wimbo ukawa wa kila mtu. Hakuna aliyeona ubaya kwa sababu hakukuwa na pesa ndani yake. Santuri ilipokuja, ndipo pesa zilipoingia, na pesa hutaka jina moja la kuandikwa kwenye karatasi ya duara katikati ya sahani.

Basi angalia mambo yalivyokwenda. Ikiwa Adam Salim ndiye aliyetunga, aliimba bila kuacha hati, na mwenye sahani ndiye aliyetambuliwa. Kisha Fadhili naye, mwenye sahani, akakutana na wenye makampuni makubwa zaidi, mawakili wengi zaidi na karatasi nyingi zaidi. Kanuni iliyomsaidia nyumbani ndiyo iliyomuumiza ng'ambo. Wenye kumtetea na wenye kumshutumu wote wanagombana juu ya ugonjwa mmoja, nao ni kutoandika.

Kenya ilitunga sheria yake ya hakimiliki mwaka 1966, rekodi ya Equator ikiwa tayari na miaka mitatu. MCSK, chama cha kukusanya malipo ya watunzi wa muziki, kilianzishwa mwaka 1983, wakati Makeba, Belafonte na Boney M wote walikuwa wameshapita.

Fadhili mwenyewe alihamia Marekani na kuishi huko miaka mingi. Alirejea Kenya katika miaka ya 1990, mtu mzima sasa, katika nchi ambayo vijana wake walikuwa wakisikiliza muziki mwingine. Alifariki Nairobi mnamo Februari 2001 akiwa na umri wa miaka 62. Hakufa tajiri. Miezi tisa baadaye, Novemba mwaka huo huo, Daudi Kabaka naye akamfuata. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria mpya ya hakimiliki ambayo, pamoja na marekebisho yake, ndiyo tunayoitumia hadi leo. Sheria ilifika wakati wanaume wale wawili walikuwa wanaondoka.

Tujue basi sheria hiyo inasema nini, kwa lugha nyepesi. Ndani ya wimbo mmoja mna haki tatu. Ya kwanza ni ya mtunzi wa maneno na sauti. Ya pili ni ya mwimbaji na wapiga ala waliousikika. Ya tatu ni ya aliyegharamia rekodi. Mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote tatu, au zikawa za watu watatu tofauti. Makeba alikuwa na haki juu ya sauti yake. Hilo halikumfanya kuwa mtunzi.

Haki ya mtunzi hapa Kenya hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliokufa. Kwa hesabu hiyo, kama mtunzi ni Fadhili, wimbo huo una mwenyewe mpaka mwisho wa mwaka 2051. Si wimbo wa jadi. Si mali ya kila mwenye spika. Hoteli inayoupiga kila usiku ili wageni wake wafurahi inatakiwa iwe na leseni, na sehemu ya pesa hizo iwafikie warithi.

Wapo wazee wetu watakaosema, wewe bwana, watushughulisha na habari za muziki, na muziki wenyewe una maneno kwa wanavyuoni. Nawaheshimu. Lakini hapa swali si kama tusikilize au tusisikilize. Swali ni haki ya mtu na jasho lake. Dini yetu imetuhimiza kumlipa mfanyakazi ujira wake bila kumchelewesha, na haikumtoa nje ya hukumu hiyo yeyote ambaye kazi yake hatuipendi. Mali ya yatima ni mali ya yatima, iwe shamba la minazi au wimbo.

Nawageukia vijana. Huku Changamwe, Mikindani, Likoni na Kisauni kuna wanaorekodi katika vyumba vya kulala kwa kompyuta moja na godoro lililosimamishwa ukutani kuzuia kelele. Kazi zao ni nzuri, na nyingine zitavuka maji. Boney M walirudi pwani mara ya pili mwaka 1983 na kuuchukua ule wimbo wa Jambo wa Them Mushrooms, bendi iliyoanzia hapa hapa Mombasa. Dunia ina masikio juu ya pwani yetu, na itakuja tena.

Kwa hiyo kabla hujautoa wimbo, kaeni mliohusika, muandike nani alitunga maneno, nani sauti, nani mdundo, na mgao wa kila mmoja. Wekeni tarehe na saini. Usajili si sharti ili haki yako iwepo, lakini ukiisajili kazi yako kwa Halmashauri ya Hakimiliki ya Kenya unakuwa na ushahidi siku ya ugomvi. Na mtu akikuletea mkataba, usitazame idadi ya pesa peke yake. Uliza kama anakodi wimbo wako kwa muda au anaununua moja kwa moja. Kukodisha nyumba na kuuza nyumba ni vitu viwili, na hakuna Mswahili asiyejua tofauti yake. Kwenye nyimbo ndiko tunakojisahau.

Serikali za kaunti za pwani nazo zina deni. Mji wetu una barabara zenye majina ya watu ambao hawakutuachia hata hadithi. Fadhili William, Fundi Konde na wenzao hawana hata chumba kimoja ambamo mtoto wa shule anaweza kuingia, akazisikia rekodi zao za asili na kusoma walikotoka. Sauti zao zimo mikononi mwa wakusanyaji wa ng'ambo. Tukitaka kuzisikia, twazitafuta kwa wageni.

Na sisi tuliobaki, jambo letu ni jepesi kuliko yote. Mgeni akiuliza wimbo ule ni wa nani, tumwambie ulirekodiwa na Fadhili William Mdawida wa Taita, mwaka 1963, Nairobi, na kwamba wapo wanaodai uliimbwa na wengine kabla yake. Tuseme jina lote. Mwenyezi Mungu amrehemu, na amrehemu yeyote aliyeanza kuuimba.